Simu ya Gentille Iliyokataa Kusema

Soko la Baraka, saa ile ndagala zimeshafika kutoka ziwani, si mahali pa kupita na ndoto kichwani. Gentille alikuwa anapita nayo. Alivaa kikwembe kipya cha maua ya manjano na libaya, blauzi aliyojishonea mwenyewe, mikono yake imefura mabegani kama maandazi yaliyokubali hamira. Masikioni alikuwa na écouteurs, na alitembea kwa mwendo wa wimbo aliousikia yeye peke yake. Wengine walimwona tu msichana anayetikisa shingo bila sababu, wakampisha.

Asiyempisha alikuwa kuku.

Kuku huyo alikuwa amefungwa miguu pamoja na wenzake, kichwa chini, kwenye usukani wa pikipiki. Mwenye pikipiki alikuwa motari mmoja mrefu, koti la ngozi limepauka viwiko, anaisukuma katikati ya watu huku akiita, "Pisha! Pisha, bamama, breki haina adabu!" Kuku akaona waya mweupe unacheza mbele ya mdomo wake. Akadhani Mungu amemletea mnyoo wa mwisho kabla ya sufuria. Akaudaka, akapiga mabawa, pikipiki ikasonga, na simu ya Gentille ikaruka kutoka kwenye fundo la kikwembe ikaanguka kati ya mafungu ya sombe, majani ya muhogo.

"We motari! Hauna macho?"

"Macho niko nayo, ma sœur. Nilikuwa nakuangalia wewe. Kuku njo hakuangalia."

"Unanichekesha?"

"Hapana. Naomba musamaha. Naitwa Bertin. Huyu kuku hana jina, lakini anaomba musamaha pia."

Aliinama, akaokota simu, akaipangusa kwenye koti, akaigeuza mbele na nyuma kama daktari wa watoto. "Haina kitu. Iko muzima."

Mwanaume akikuambia haina kitu, anza kukitafuta hicho kitu.

Waya ulikuwa umechomoka. Gentille aliweka upande mmoja sikioni, akatikisa, akakasirika, akamrushia Bertin waya wote kifuani. "Chukua! Ukafungie kuku wako midomo!"

"Aksanti," Bertin akasema, akautia mfukoni kweli. "Sasa unipe numero, nikununulie zingine."

Hakuna aliyeangalia ncha ya ule waya. Wewe unayesoma, umeiangalia? Basi nyamaza, usiwaambie.

Jioni Gentille akawasha muziki. Kimya. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya. Juu ya kioo cha simu kulikuwa na kapicha kadogo ka écouteurs, na hakuna écouteurs. Simu ilikuwa inaamini bado imezivaa, kama mjane anayeendelea kumwekea marehemu sahani mezani. Mtu akipiga, ukiweka simu sikioni husikii hata pumzi. Ukibonyeza haut-parleur, hapo inasema, lakini inasema kwa mtaa mzima.

Na Bertin alipiga. Alipiga kesho yake, na kesho kutwa, na kila siku akishusha abiria kati ya Fizi na Baraka. Gentille alishona katika atelier ya bamama karibu na barabara, na mama yake, mama Rosette, aliuza mikate pale mlangoni. Simu ikilia, cherehani zote zilipunguza mwendo.

"Allô, sukari ya chai yangu."

"Bertin, niko kazini."

"Hata mi niko kazini. Niko na muzigo ya muhogo nyuma, lakini roho iko na we."

"Muhogo ya Lubondja ao ya Nundu?" akauliza fundi wa pembeni.

"Nani huyo?"

"Ni mashine," Gentille akasema, uso unamwaka.

"Mashine inauliza muhogo?"

Bamama wakalala juu ya vitambaa kwa kicheko. Mama Rosette, kwa kuwa kwetu mama hasikii maneno matamu ya kijana anayeweza kuwa mkwe wake, alijifunika masikio kwa kikwembe. Aliacha nafasi ndogo tu ya kupitisha hewa.

Jamani, mapenzi ya namna hiyo yanachosha! Zamani kijana alipiga mluzi nyuma ya nyumba, ukatoka eti kumwaga maji, na mluzi haukuhitaji fundi. Gentille aliishika ile simu kila usiku kama mtu anayeshika mtoto mwenye homa. Aliizima, akaiwasha. Akapuliza kwenye katundu. Mama yake akaleta mswaki wa zamani, wakasugua. Wakailaza ndani ya mchele siku nzima, na jioni mchele ukapikwa, simu ikabaki bubu. Irambona, rafiki yake Mrundi wa Lusenda aliyekuwa anasuka nywele pale jirani, aliichukua, akaingia kwenye réglages, mipangilio ya simu, akatoka, akaingia tena.

"Tujaribu Bluetooth," akasema. "Ukiwa na kale kasikio kasiko na waya, sauti inapita njia ingine."

"Nani iko nako huku?"

"Pasta."

Wakaangaliana. Nani ataazima sikio la pasta akasikilizie "sukari ya chai yangu"?

Gentille akachukua sindano, akachungulia kwenye tundu la écouteurs kwa tochi. Aliona kitu kinang'aa kule chini, rangi ya dhahabu. Akadhani ni simu yenyewe ilivyoumbwa. Akakigonga kidogo kwa sindano, kikakaa vizuri zaidi.

Bertin alitimiza ahadi. Alifika na écouteurs mpya, nyekundu, ndani ya kasanduku, shati amepiga pasi mpaka lina mistari. Akampa mbele ya bamama wote, wakampigia makofi. Usiku Gentille akazisukuma kwenye tundu. Hazikuingia. Akasukuma kwa nguvu, akageuza, akalamba ncha, akasukuma. Nusu ndani, nusu nje, na hakuna sauti.

"Ameninunulia za uongo," akamwambia Irambona kesho yake, machozi ya hasira kwenye kope. "Za bei ya karanga!"

"Umuambie."

"Nimuambie nini? Amekuya na shati ya pasi!"

Na alipopiga Bertin kuuliza, "Sheri, zinasema?" Gentille akaangalia bamama, akaangalia mama yake, akameza mate. "Zinasema vizuri sana."

"Mbona nasikia bado uko kwa haut-parleur?"

"Kazini sizivai. Zitanaswa na mashine. Navaa nyumbani, nikilala."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Uongo wa upole ni kama uzi mbovu: nguo inapendeza mpaka siku ya kuinama.

Maana Bertin alifurahi. Akaacha maneno matamu ya mchana, akaanza kumtumia sauti za WhatsApp usiku, akijua mpenzi wake amelala na écouteurs nyekundu masikioni anamsikia peke yake. Na zile sauti hazina kitufe cha haut-parleur. Gentille alibonyeza, akaona kamstari kanatembea kutoka kushoto kwenda kulia kama siafu, kakafika, kakasimama. Hakuna kitu. Hata moja hakuisikia. Lakini alijua Bertin ni mtu wa vichekesho, kila siku ana habari ya abiria mlevi au mbuzi aliyekojolea mzigo wa bibi. Kwa hiyo alijibu kwa vile vinyuso vinavyocheka mpaka vinatoa machozi. Bertin alitumiwa kicheko, akalala ameridhika. Ilikwenda hivyo miezi mingi. Gentille alicheka kwa kidole huku mdomo umenuna.

Kisha usiku mmoja ikaingia sauti ndefu kuliko zote. Siafu ilitembea, ikatembea. Gentille alikuwa amechoka, amepinda mgongo kutwa kwenye sare za kwaya. "Leo ni hadithi ya mulevi muzima na ndugu zake," akajisemea. Akatuma vinyuso vinavyocheka, safu nzima, akalala.

Asubuhi Bertin hakupiga. Mchana hakupiga. Gentille akampigia, ikalia, ikakatwa. Akaandika, *Uko?* Ujumbe ukabaki na alama moja, haukufika. Picha yake yenye miwani ya jua ilikuwa imetoweka.

"Amekufunga," Irambona akasema. "Amekubloka, dada."

"Kwa nini? Nimemufanya nini?"

"Ile sauti ya mwisho ilikuwa inasema nini?"

Ndipo Gentille akamweleza ukweli wote. Irambona akakaa chini juu ya beseni lake la nywele.

"Miezi mingi unamucheka mutu bila kumusikia?"

"Nifanye nini sasa?"

"Nitumie mi hiyo sauti. Nisikie, nikuambie."

"We? Nikikutumia saa hii, jioni Lusenda yote inajua!"

"Ni kweli," Irambona akakubali bila kukasirika.

"Na mama siwezi. Mama asikilize mukwe?" Alisema mukwe, akajisikia amesema, akauma mdomo.

Wakampelekea fundi wa simu kando ya soko. Aliishika simu kwa kidole na kidole, akaangalia kapicha ka écouteurs, akatingisha kichwa kama daktari anayesoma radiografia. "Ni logiciel, programu ya ndani. Nitafuta yote, ianze upya kama siku ilizaliwa."

"Na ujumbe zilizo ndani?"

"Yote, ma chérie. Hata dhambi."

Gentille akamnyang'anya simu mkononi.

Alipokuwa anarudi amevimba kwa hasira, akakutana na Alphonse, motari mwenzake Bertin, amesimama anakula mkate wa mama Rosette na anamkwepa kwa macho.

"Alphonse! Bertin iko wapi?"

"Iko Fizi, kwa shangazi yake. Niache, mi siko ndani ya mambo yenu."

"Nimemufanya nini?"

Alphonse akameza mkate taratibu. "Anasema ulimucheka. Mara moja ya maisha yake mutu hakufanya muchezo, na we ulimucheka."

Gentille akamshika mkono. "Mupigie. Saa hii. Kwa telefone yako."

Alphonse akapiga. Waliongea kidogo. Akaondoa simu sikioni, akakohoa. "Anasema kama ni Gentille, nimuambie amekufa."

"Muambie nakuya kumuzika."

Akapanda nyuma ya pikipiki ya Alphonse vile vile alivyokuwa, futi ya kupimia shingoni, nyuzi kwenye nywele. Mama Rosette akainuka na kijiko cha mafuta mkononi.

"Unaenda wapi?"

"Fizi, kwa bakina Bertin."

"Peke yako? Mutoto mwanamuke, bila kutangulizwa? We unajua desturi! Ukiingia uwanja yao hivyo, bakurudishe na mbuzi leo leo, ao ni mi njo bamenitukana!"

"Mama, mbuzi nitaona mbele!"

Barabara ya Fizi inapanda, inajipinda, na vumbi lake halichagui libaya. Gentille aliishika ile simu mkononi njia nzima na kuigombeza. "Ungesema neno moja tu. Moja! Unajua kulia ukikosa chaji, lakini kusema, hapana." Alphonse hakugeuka. Motari anajua abiria anayesema na simu iliyozimika, heri umwache.

Uwanja wa shangazi Godelieve ulikuwa umejaa. Shangazi mwenyewe, mwanamke mnene mwenye kilemba cha zambarau, alikuwa anachochea makaa chini ya sufuria. Baba mkubwa Isidore alikaa kwenye kiti cha kamba, fimbo kati ya magoti. Na Bertin alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki yake, mikono nyeusi kwa oili, sura kama mtu aliyemeza mfupa wa samaki.

"Marehemu, jambo yako," Gentille akasema.

Shangazi akaacha kuchochea.

"Umekuya kumalizia kucheka?" Bertin hakuinua kichwa.

"Nimekuya uniambie ulisema nini."

"Ulisikia."

"Sikusikia!"

"Na écouteurs nyekundu masikioni?"

"Haziingii!" Gentille akapasuka. Akazitoa kwenye fundo la kikwembe pamoja na simu, akamsukumia kifuani kama ile siku ya kwanza. "Hazijaingia hata siku moja! Ulininunulia za uongo, nikaona haya kukuambia, nikasema zinasema. Sijasikia kitu! Si ya mwisho, si ya kwanza, hakuna!"

Bertin akasimama. Akachukua zile écouteurs, akasukuma mwenyewe. Nusu. Akapangusa mikono, akasukuma tena. Nusu.

"Iko kitu ndani," akasema.

"Ni telefone yenyewe. Nimeangalia na tochi."

"Telefone hainaga dhahabu kwa koo." Akageuka apate mwanga, na macho yake yakaangukia kioo cha pembeni cha pikipiki. Akasimama palepale.

Kioo hicho kilikuwa kimevunjika shingo zamani, na kilifungwa kwa waya mweupe, umezungushwa vizuri, kichwa chake kinaning'inia. Gentille alikuwa ameuona kila mara Bertin alipopita atelier. Aliwahi hata kujipaka mafuta ya midomo katika kioo kile. Bertin alikishika kile kichwa cha waya kati ya vidole. Kilikuwa kifupi. Ncha haikuwepo.

"Gentille," akasema polepole sana. "Njo zile za soko. Ncha yake ilibaki ndani ya telefone yako."

Hata sufuria ilipunguza kuchemka.

"We," Gentille akasema. "We njo ulivunja. 'Haina kitu, iko muzima.' Miezi yote hii nimesugua na muswaki, nimepika muchele wa telefone, nimepigana na fundi, na kitu kilikuwa hapa, kimefunga kioo yako!"

"Ni kuku..."

"Usinitajie kuku!"

Akachomoa sindano kwenye ukosi wa libaya. Mshonaji hatembei bila sindano. Akaipasha moto kwenye makaa ya shangazi mpaka ikawa nyekundu. "Shika telefone. Usitetemeke." Akaichoma ncha ya moto taratibu katikati ya kile kipande, pale penye plastiki, mpaka ikazama. Akasubiri. Alisubiri mpaka ikapoa na plastiki ikaibana, Bertin amezuia pumzi, baba mkubwa Isidore ameinuka kwenye kiti kuona. Kisha akavuta. Kakatoka, kadogo kama punje ya mchele, kanang'aa, hakana hata haya.

Kapicha ka écouteurs kakafutika kwenye kioo.

Bertin akanyoosha mkono haraka. "Basi, imepona. Leta, nitakueleza mi mwenyewe pembeni..."

"Hapana." Gentille alikuwa ameshabonyeza.

Sauti ya Bertin ikatoka kubwa, na nyuma yake mbwa anabweka mahali fulani milimani.

*"Gentille. Leo sina kichekesho. Niko hapa nje, wengine balilala. Baba mukubwa Isidore iko tayari kushuka Baraka Jumapili, siku ya Mungu, na mbuzi ameshachaguliwa, ule mweupe. Lakini sitaki baende kama we hautaki. Niambie tu, bakuye ao basikuye? Ukisema bakuye, nitalala. Ukisema hapana, nitalala pia, lakini vibaya. Nimezoea kukuchekesha kwa sababu ukicheka naona njia hata na taa imekufa. Siku zote unicheke, mupenzi. Leo tu, usinicheke."*

Siafu ikafika mwisho wa mstari, ikasimama.

Gentille aliangalia chini. Safu yake ya vinyuso ilikuwa bado pale chini ya ile sauti, vinacheka vyote, machozi yanaruka.

"Eh Mungu wangu," akanong'ona. "Bertin."

"Nililala vibaya," Bertin akasema.

"Bakuye."

"Unasema?"

"Bakuye! Bakuye, bakuye! Unataka nikubonyezee haut-parleur?"

Shangazi Godelieve akapiga vigelegele mpaka majirani wakatokea kwenye ua, akaja akamzunguka Gentille akimpangusa vumbi mabegani. Baba mkubwa Isidore hakupiga vigelegele. Alikuwa anamwangalia Gentille kutoka futi ya shingoni mpaka miguuni, kisha akaliangalia jua.

"Mutoto huyu," akauliza, "nani alimutanguliza hapa?"

"Hakuna, baba," Gentille akasema, na ndipo maneno ya mama yake yalipomrudia.

"Ameingia uwanja yetu peke yake, mbele ya bantu." Mzee akavuta pumzi ya mtu aliyetaka kulala mchana. "Siku ya Mungu imekufa. Ni leo. Godelieve, kanzu yangu! Nyinyi, mbuzi alirudi kwenye kundi, mumukamate!"

"Ule mweupe?" mtu akaita nyuma ya nyumba. "Amepanda mulima!"

"Mumushushe!"

"Na kuku, baba?" shangazi akauliza. "Mama ya musichana anapelekewaga na kuku."

"Kuku hapana!" Bertin na Gentille wakasema pamoja.

Mbuzi alifanya walivyotarajia. Alikataa pikipiki ya Alphonse, akamkojolea Alphonse, akakubali pale baba mkubwa alipomkumbatia mbele kama mjukuu. Wakaanza kushuka, wazee mbele na mbuzi, Bertin na Gentille nyuma. Kioo cha pembeni kilitikisika. Gentille alikuwa amekataa ule waya usifunguliwe. Kale kancha ka dhahabu alikuwa amekachomeka kwenye ukosi, pamoja na sindano.

Akatoa écouteurs nyekundu, akazisukuma kwenye tundu. Zikaingia. Tak. Akaweka moja kwenye sikio lake, nyingine akampachika Bertin chini ya kofia.

"Hazikuwa za uongo," Bertin akasema.

"Endesha."

"Tunasikiliza nini?"

"Zote. Kuanzia ya kwanza."

Pikipiki ikapunguza mwendo. "Ngoja kwanza. Hata ile ya bibi na mbuzi haukusikia? Ulituma vinyuso mingi!"

"Hata hiyo."

"Na ya mulevi aliyelipa mara mbili?"

"Bertin, nimekuambia, hakuna!"

"Sasa ulikuwa unacheka nini, mwanamuke?"

"Nilikuwa nakucheka we."

Akabonyeza. Bertin wa zamani akaanza kusema masikioni mwao wote wawili, na kabla bibi wa hadithi hajapandisha hata mzigo wake, Gentille alikuwa amelaza paji la uso kwenye lile koti lililopauka, anacheka kwa mdomo, kwa mabega, kwa machozi kabisa, mpaka mbuzi kule mbele akageuza kichwa kutazama ni nini.